Mukimo wa Kijivu

…Jumapili, tarehe ishirini na nane Septemba, saa saba na dakika kumi mchana, ndipo mukimo ulipoanza kugeuka, mwiko mkononi na ndizi zinapondeka vizuri, laini, bila madonge, ila rangi, rangi ni ya majivu, na huko nje jumuiya nzima ya kanisa imekaa kwenye viti vya plastiki ikingoja, na Baba aliwaambia wote mwezi uliopita, Kagwiria akiwalisha kutoka kwa hiyo bustani yake bila kutuma mtu sokoni, sitaigusa, akishindwa napanda maparachichi… na mimi, Kagwiria, mwenye shahada ya kilimo cha bustani, nilimenya ndizi kabla ya ibada nikaziacha kwenye beseni kavu, kila msichana wa Kanyakine anajua ndizi mbichi ikimenywa inaingia majini papo hapo, lakini niliogopa mahubiri yatarefuka, na yalirefuka… "Kwani digrii hupika na moto gani?" huyo ni Mama Nelius, wanacheka, "Muache, bado anapima chumvi na rula," huyo ni Baba, wanacheka zaidi, na binamu yangu Gatwiri ananivuta aproni, "Dada, viazi, waru nyeupe, ziko hapo dukani kwa Mwaniki, nakimbia narudi, nani atajua?" mimi nitajua, nitaketi kati yao nikijua… "Hapana, niletee majani ya malenge, yale machanga, na uyatoe nyuzi," kwa sababu yapo, kiangazi chote nimeyanywesha maji ya kuoshea vyombo, mboga ya terere ipo, managu yapo, maharagwe yanatokota, hakuna kilichokosekana isipokuwa rangi, na rangi hailiwi, lakini itasemwa, itasemwa hadi Krismasi… "Miche nilishaagiza," Baba anamwambia Mzee Njagi, karibu kabisa na dirisha, "Jumatano inafika, naiweka hapo kwa mboga, hapo kuna mbolea," na mwiko unasimama… alishaagiza, kabla hajaonja, kabla sijamenya hata ndizi moja, basi mukimo huu ungekuwa kijani kama majani ya chai ya Aprili na bado angeng'oa… nilidhani nitalia, sioni machozi, naona udongo, Baba hanichukii, ana miche inayokuja na anaijua sehemu moja tu yenye mbolea, ambayo niliitia mimi, ndoo kwa ndoo, na mwenye kujua mahali pengine ni mimi, pale chini tulipong'oa kahawa kuukuu, udongo mwekundu, wenye kina, sukuma wiki haihitaji kina kile, mti unakihitaji, mbona nilikuwa naomba ruhusa kwa chakula wakati jibu liko kwenye ardhi… Gatwiri ameleta majani, nayatia, naponda, rangi inakuwa ya matope yenye kijani kidogo, naonja, ni tamu, ni tamu kabisa, "Kagwiria, tulale hapa ama?" "Naweni mikono, Mama Nelius, na mkiona mukimo umekuwa kijivu, ni mimi niliacha ndizi nje ya maji," wanacheka, mimi pia, na mwiko unaendelea kuzunguka.

Jumatatu asubuhi, kabla Baba hajavaa gamboti zake, niliteremka na jembe hadi kwenye kahawa ya zamani, nikachimba mashimo ya maparachichi, futi mbili kwenda chini, udongo wa juu upande huu, wa chini upande ule, kisha nikamwita aje apime.