Pua ya Bi Johari

Siku ya kupika pilipili ya Ramadhani, Bi Johari aliamka na hasira, na nyumba nzima ilijua sababu. Mkaza mwana wake, Nyamvula, alikuwa amesema tena kwamba mama hasikii harufu.

Alilisema wakati wa chai ya asubuhi, mbele ya mumewe Faiz na wifi yake Nadira, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya kipimo. Tangu ile homa ya mwezi wa Rajabu, mama hana pua. Jumatatu iliyopita Nyamvula alirudi kutoka shuleni anakofundisha kemia, akaipata harufu ya gesi akiwa bado mlangoni. Jiko lilikuwa limefunguliwa bila moto. Bi Johari alikuwa ameketi hapo hapo akichambua mchele, kiberiti mapajani, na Mastura, binti wa Nyamvula wa miaka minne, amelala kwenye mkeka chini ya meza. Nyamvula alifunga mtungi, akafungua madirisha, akambeba mtoto hadi nje. Bi Johari alimuuliza kama ameingiwa na wazimu.

"Nataka jambo moja," Nyamvula alisema. "Ama mtungi utoke jikoni, ama Mastura asibaki hapa mchana. Chagueni nyinyi."

"Jikoni kwangu?" Bi Johari aliweka kikombe chini. "Nimepika kwa gesi tangu huyo mumeo hajajua kuvaa suruali."

"Najua, mama. Wakati huo ulikuwa unasikia harufu."

Nadira alicheka kwa pua. Alikuwa amekuja kutoka Mtopanga kumsaidia mama yake, kama kila mwaka, na chupa zake tupu za pilipili kwenye kikapu. "Wifi, sema unalolitaka. Wataka jiko. Tangu uolewe unalitazama jiko la mama kama paka aliyeona mchuuzi wa samaki."

"Kama ni jiko nitanunua la kwangu. Nazungumza habari ya mtoto."

Faiz alipaka siagi kipande cha mkate ambacho hakukila. Alikuwa fundi wa mafriji katika hoteli moja Bamburi, na kazini kwake hakuacha kitu kinachovuja mpaka akikomeshe. Nyumbani alikuwa mtu mwingine. "Jamani, leo vunja jungu, kesho twafunga," alisema. "Ugomvi tuuweke mpaka baada ya Idi."

"Gesi haijui Idi," Nyamvula alimjibu.

Palikuwa na njia rahisi ya kumaliza ubishi, na Nyamvula aliitaja. Mama afumbe macho, apewe karafuu, kisha kahawa, kisha sabuni, aseme kipi ni kipi. Isingechukua hata muda wa kuchemsha chai.

Bi Johari aliinuka. "Mimi nifumbwe macho, na mtoto wa Mariakani, nyumbani kwangu? Nadira, lete pilipili. Jua lapanda."

Pilipili ya Bi Johari haikuwa ya nyumba yake peke yake. Ilipikwa mara moja kwa mwaka, siku za mwisho za Shaabani, ikajaza karai kubwa kabisa alilokuwa nalo. Ikipoa iligawanywa: sehemu ya nyumba hii ya Kiembeni, sehemu ya Nadira, sehemu ya kaka yake Bi Johari kule Likoni, na iliyobaki kwa majirani waliojua kuomba. Mwezi mzima viazi karai, bajia na kachori za familia hiyo ziliingia katika pilipili moja. Mwanamke aliyeipika hakuwa na haja ya kueleza yeye ni nani katika ukoo.

Alikuwa na namna yake ya kuipika, na hakuiandika popote. Pilipili mbuzi kwa ukali, pilipili ndefu nyekundu kwa rangi, kitunguu thomu, nyanya, ukwaju kidogo na bizari nyembamba. Alisaga kwa jiwe. Na hakutia kitu bila kukinusa kwanza. Alifungua kifuniko, akapitisha chupa chini ya pua, akaitikia kidogo kwa kichwa, ndipo akamimina. Watoto wake walikulia mbele ya kitendo hicho. Kwa sababu hiyo chupa za nyumba hiyo hazikuwa na maandishi. Siki ilinunuliwa kwa dumu ikamiminwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Mafuta ya taa ya kuwashia makaa yakatiwa kwenye chupa za namna ile ile. Vyote viwili vyeupe kama maji, na vyote vilikaa uani juu ya benchi moja. Wiki hiyo hiyo ya gesi Nyamvula alikata karatasi, akaandika SIKI, akaandika MAFUTA YA TAA, akazibandika kwa gundi. Kesho yake alizikuta karatasi zote mbili ndani ya pipa la taka.

"Kwani mimi kipofu?" Bi Johari alikuwa amemwambia. "Maandishi ni ya mtu asiyejua kilicho chake."

Sasa walikuwa uani. Karai lilikuwa juu ya jiko la makaa, maana pilipili nyingi kiasi hicho haikupikwa ndani. Mastura alikuwa kwa jirani. Nyamvula alimpeleka mwenyewe, na hilo nalo Nadira alilitolea maneno. Thomu ilipoanza kugeuka rangi, Bi Johari alimimina pilipili iliyosagwa ndani ya mafuta. Moshi uliruka. Faiz alikohoa mpaka akaegemea ukuta. Nadira alijifunika uso kwa mtandio. Bi Johari naye alikohoa, akapiga chafya mara mbili, machozi yakamtiririka mashavuni.

Nadira alipiga makofi. "Haya! Mwalimu, huyo asiye na pua mbona apiga chafya?"

"Pilipili inachoma koo na macho," Nyamvula alisema. "Hata mtu aliyezibwa pua itamliza. Hiyo si harufu."

"Si harufu ni nini, mvua?"

"Ni maumivu."

"Basi sote tuna maumivu, na yamesimama hapa yamevaa miwani," Nadira alisema. Faiz akatabasamu kabla hajajizuia. Nyamvula aliliona tabasamu hilo.

Bi Johari alikoroga bila kuinua kichwa. Alikuwa ametulia zaidi sasa. Kikohozi kilimpa ushahidi alioutaka, na watoto wake walikuwa upande wake. Alipoona mafuta yamepanda juu na rangi imekolea, alimwambia Faiz aliteremshe karai, aliweke sakafuni mbali na makaa, lipoe. Siki hutiwa mwisho, pilipili ikiwa vuguvugu. Waliketi wakingoja. Nadira alizungumza na mama yake juu ya bei ya tambi na juu ya mke wa fulani aliyepika mbaazi zikaungua. Nyamvula alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Hakuna aliyemsemesha.

Kutoka hapo aliliona benchi lote. Chupa mbili zilisimama mbele. Ya kushoto ilikuwa ya siki. Ya kulia, yenye kifuniko kilichopasuka kidogo, ilikuwa ya mafuta ya taa. Faiz aliitumia asubuhi kuwashia makaa, akairudisha.

Bi Johari aliinuka, akaligusa karai kwa kiganja, akaridhika. Akaenda kwenye benchi. Mkono wake ukashika chupa ya kulia.

Nyamvula alikuwa na nafasi ya kusema. Bi Johari alifungua kifuniko taratibu, kama alivyofanya siku zote. Akapitisha chupa chini ya pua. Akavuta pumzi ndefu kuliko kawaida, maana alijua anatazamwa. Akaitikia kwa kichwa. Nadira alimgeukia Nyamvula kwa macho ya ushindi, kana kwamba kesi imekwisha.

Nyamvula alinyamaza. Alipima mambo mawili. Karai lilikuwa mbali na moto. Na hakuna mtu mwenye pua ambaye angekula kitakachotoka humo.

Bi Johari alimimina. Alizungusha mkono karai zima, kwa ukarimu, kisha akachukua mwiko kwa mkono wa pili akaanza kukoroga. Harufu ikawafikia wote kwa pamoja. Faiz alisimama. Nadira alifungua mdomo, akaufunga.

"Mama," Nadira alisema kwa sauti ndogo, "hebu nipe mwiko nikupokee."

"Niache. Bado kidogo."

"Mama, ngoja kwanza..."

"Mwache," Nyamvula alisema. Halafu, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali: "Mama, siki imetosha?"

Bi Johari aliinama juu ya karai, akavuta hewa. Mvuke ulimchoma pua, akapepesa macho. "Imetosha. Siki kali ya mwaka huu. Yanukia hadi barabarani."

Aliendelea kukoroga, mara moja, mara ya pili, kisha mwiko ukapunguza mwendo. Alimtazama Nadira, akamkuta na mtandio puani. Alimtazama Faiz. Mwisho aliitazama chupa mkononi mwake, kifuniko chake kilichopasuka, na akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulia.

"Ni nini?" aliuliza.

"Mafuta ya taa," alisema Faiz.

Bi Johari alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Alijifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. Alipomgeukia Nyamvula sauti yake haikutetemeka.

"Uliniona naichukua?"

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilisema, mama. Leo asubuhi nilisema, Jumatatu nilisema, niliandika kwenye karatasi ukazibandua. Leo nimenyamaza."

"Wallahi una moyo mbaya," Nadira alisema. Alikuwa akilia sasa, na si kwa pilipili. "Ungemwambia tu! Neno moja!"

"Ningemwambia, angechukua chupa ya pili, mngekula, mngesifu. Na Jumatatu mwanangu angelala tena chini ya ile meza."

"Umemdhalilisha mama yangu," Faiz alisema.

"Ndiyo," alisema Nyamvula. "Na wewe ungemzika mwanao. Toa mtungi."

Faiz alisimama pale muda mrefu kiasi cha kumfanya Nyamvula afikiri hatakwenda. Kisha aliingia ndani. Walisikia chuma kikigonga sakafu ya jikoni, halafu akatoka na mtungi begani, akausimamisha kwenye ukuta wa nje, upande wa tangi la maji. Hakumtazama mkewe. Karai la pilipili alilibeba yeye na Nadira hadi nyuma, wakachimba shimo, wakamwaga, wakafukia. Harufu ilibaki uani mpaka magharibi, na Bi Johari alikaa katikati yake bila kuisikia.

Jioni aliinua simu, akampigia kaka yake Likoni. Hakushusha sauti. "Mwaka huu hakuna pilipili. Mkaza mwana wangu aliniona natia mafuta ya taa, akaniacha." Alirudia maneno hayo kwa majirani waliokuja na vibakuli vyao, neno kwa neno, bila kuongeza. Nyamvula aliyasikia kupitia dirishani. Hakutoka kujitetea, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Pilipili zilizosalia hazikujaza hata kikapu. Kesho yake, siku ya kwanza ya mfungo, Nyamvula alizipika mwenyewe kwenye makaa, katika sufuria ndogo. Alikuwa amefunga, hakuonja. Alimwona Bi Johari akimtazama kutoka mlangoni.

Adhana ya magharibi ilipoisha walikula tende, wakanywa uji, wakakaribia sahani. Nadira alikuwa amekuja kufuturu nao. Chupa ya pilipili ilisimama katikati ya mkeka, nyekundu, na mikono yote iliizunguka bila kuigusa.

"Mimi nala bajia kavu," Nadira alisema. "Nimeshiba pilipili za mwaka huu."

Faiz alitazama sahani yake, naye akala kavu. Mastura, aliyeketi ubavuni mwa mama yake, aliuliza kwa nini baba hataki pilipili, akaambiwa ale.

Bi Johari aliivuta chupa. Aliifungua, akaiinua kuelekea puani, kama alivyofanya maisha yake yote, na mkono ukasimama katikati. Kila mtu aliona. Aliushusha. Akachovya ncha ya kidole, akaiweka kwenye ulimi.

"Haina chumvi," alisema.

Nyamvula alijua kwamba ni uchokozi. Alichovya naye, apate kusema chumvi imo. Ukali ulikuwepo, siki ilikuwepo, ukwaju ulikuwepo. Chumvi haikuwepo hata chembe, alikuwa ameisahau.

"Kweli," alisema. "Haina."

"Pua imekwenda," alisema Bi Johari. "Ulimi haujakwenda. Hilo nalo liandike kwenye karatasi."

"Nitie?"

"Tia wewe. Nikitia mimi hutanambia kama ni sabuni."

Nadira alicheka kwa sauti, na Faiz akainamisha kichwa. Nyamvula aliinuka, akaenda kuchukua chumvi. Alipita penye nafasi tupu ambapo mtungi ulikuwa, duara la kutu sakafuni. Alirudi, akatia, akakoroga, akaonja, akaisogeza chupa mbele ya mama mkwe wake.

Bi Johari alikwisha kugeukia uji. Nyamvula alichukua bajia, akaichovya, akala peke yake.