Mlangoni kwa Akina Pask

Kila Februari, baridi ingali imeing'ata ardhi, vimaua vyeupe huchomoza kwenye malisho ya kondoo chini ya jumba la Harcombe, vichwa vimeinama kama waombolezaji. Havikuota ovyo. Vimefuata mstari, vikakata kona, vikaacha uwazi wa mlango. Ndipo ilipokuwa nyumba ya akina Pask, wanawake wakiyapanda maua hayo kandokando ya kuta, kabla mababu wa Bwana Rupert hawajabomoa kijiji kizima ili dirisha lao lisione ila nyasi na kondoo.

Doreen Pask alionyeshwa mahali hapo na mama yake, naye mama alionyeshwa na wake. Sasa mama alikuwa majivu ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, na wosia aliouacha ulikuwa mmoja: "Unimwage mlangoni kwetu."

Mlango ulikuwa kwenye ardhi ya mtu. Doreen, aliyezeeka akiwakatia keki wageni wa jumba lile, akamwomba Bwana Rupert ruhusa ya kummwaga mama penye maua.

"Maua yale?" Bwana Rupert akacheka. "Yale ni bustani ya mhenga wetu, Bibi Arabella, Doreen mpenzi. Si unakiona kibao chenye jina lake?"

"Bibi Arabella hakujua hata jembe linashikwa wapi. Njoo uone."

Akamwonyesha mlango. Akamwonyesha jiko. Bwana Rupert akapiga magoti topeni, bila kujali suruali yake ya thamani, macho yakimng'aa.

"Kumbe mengi hivi! Na sisi tumeyaacha huku yaliwe na kondoo!"

"Na mama je?"

"Mlete, mlete! Subiri tu jua litoke kidogo."

Doreen alirudi nyumbani akalipangusa kopo vumbi. "Amekubali, mama," akaliambia.

Aprili jua likatoka. Doreen akavaa koti lake la kanisani, akashuka malishoni na kopo kifuani. Akakuta udongo uliofukuliwa na kusawazishwa, na Colin, mtunza bustani, akimwaga mbegu za nyasi.

"Tumeyahamisha, Bi Doreen. Yakiwa bado mabichi ndiyo hushika. Yote yako juu, kando ya njia ya magari. Mwakani wageni watazimia!"

"Mlango ulikuwa wapi?"

"Mlango gani tena?"

Doreen akaenda huku, akarudi kule. Kondoo wakamtazama. Hapakuwa na kona wala ukuta; ardhi ilikuwa imepigwa pasi.

Basi akapanda kilima, akapita katikati ya maua ya nyanyake yaliyopangwa kama askari wa gwaride, mpaka kwenye mlango pekee uliobaki Harcombe nzima. Akagonga. Akafungua kopo, akamimina.

Bwana Rupert akafungua, akakanyaga.

"Doreen! Uchafu gani huu?"

"Ni mama. Si ulisema nimlete?"

Bwana Rupert akarudi nyuma, na kila alipokanyaga, zulia likabaki na alama ya kijivu.