Silva ya Mama Fatumah

Bangili ilirudi ikiwa nzito, na hapo ndipo Medina alipoanza kumshuku Zuhurah. Sikia vizuri: si kwamba ilipungua. Fundi mwizi hupunguza, kila mtu Koboko anajua. Hii iliongezeka! Ile ya marehemu mama yake, Fatumah, ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, ukiivaa unaisahau. Hii mpya iliuvuta mkono chini.

"Hii iko chuma," alijiambia. "Amenipakia chuma rangi, yule mwanamke."

Medina aliuza chapati na mayai karibu na stendi ya Koboko, na hasira zake zilikuwa za karibu. Bintiye Shamirah alikuwa anaolewa Jumamosi na Hamdani, kijana anayetoa mizigo mpakani Oraba, na katika nyumba yao ya Kinubi bibi harusi hakutoka bila bangili ya bibi yake. Tatizo, bangili ya Fatumah ilikuwa imepasuka. Ndiyo maana Medina akaipeleka Arua, mtaa wa Awindiri, kwa Zuhurah, aiyeyushe na kuisubu upya.

Zuhurah alikuwa mjane, na karakana yake ilikuwa kibaraza cha jikoni. Sigiri ya makaa. Mashine mbovu ya saluni, ya kukaushia nywele, ndiyo iliyompulizia moto. Mchanga laini aliukanda kwa oili chafu ya bodaboda, akaushindilia ndani ya mikebe miwili ya maziwa, akaugandamizia bangili mpaka ikaacha alama yake, kisha akamimina fedha iliyoyeyuka katika alama ile. Vifaa vya kimaskini, naam, lakini nusu ya maharusi wa Koboko walivaa kazi yake. Na hakuwa mgeni kwa Medina: Fatumah ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto alipojifungua, kwa kuwa Zuhurah hakuwa na mama.

Sasa Medina akaikumbuka siku ile, jambo moja baada ya jingine. Bangili ilipotiwa katika kikombe cha udongo, makaa hayajawa hata mekundu sawasawa, Zuhurah aliinama akachungulia, uso ukambadilika.

"Mama Shamirah, nenda dukani kaniletee limau za kusafishia."

Medina akaenda, mjinga wa watu. Aliporudi, sigiri imezimwa na kikombe kimefunikwa.

"Moto umekataa leo. Rudi kesho kutwa."

Moto umekataa! Tangu lini moto ukawa na mdomo wa kukataa?

Hata hivyo alijizuia, maana ulimi hauna mfupa na Medina alijijua. Jumatatu akaivaa kazini makusudi ili aipime. Akamenya mayai ya kuchemsha tangu asubuhi. Adhuhuri akautazama mkono wake: bangili imeshika weusi kama wa masizi.

"Wallahi!" alipiga kelele, mteja akaangusha chapati yake.

Ya mama, miaka arobaini na zaidi, haikushika weusi hata siku moja. Hilo ndilo lilikuwa jivuno la nyumba yao: silva ya Fatumah ni safi mno, haichafuki. Hakuna mgeni aliyekunywa chai pale asiambiwe.

Basi akafungua mdomo. Kufika alasiri stendi nzima ilijua kwamba Zuhurah wa Awindiri ni mwizi, anayeyusha fedha za watu na kuwarudishia takataka. Wanawake wawili waliokuwa wamempa Zuhurah kazi wakampigia simu wakitaka vitu vyao. Medina akasikia raha, tusifichane.

Alhamisi akapanda taksi kwenda Arua. Alimkuta Zuhurah akichekecha mchanga.

"Toa fedha ya mama yangu," alisema. Salamu hakutoa.

"Mama Shamirah, chukua hiyo uliyo nayo, mwozeshe mtoto. Tuyaache."

"Tuyaache? Mutu anaiba, halafu anasema tuyaache?"

Zuhurah akaweka chekeche chini. "Nimeitwa mwizi mbele ya wanangu. Nilinyamaza kwa ajili ya mama yako, si kwa ajili yako." Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kitambaani, akakiweka kwenye kiganja cha Medina. Lilikuwa donge la kijivu, limekunjamana juu kama uji uliopoa.

Na lilikuwa jepesi. Mkono wa Medina uliujua wepesi ule kabla kichwa hakijaelewa.

"Fedha inataka moto mpaka mashine inalia," alisema Zuhurah. "Hii iliyeyuka upesi kama mafuta. Na fedha ya kweli ukiimenyea mayai inakuwa nyeusi. Isugue kwa limau, utaona. Hii iko silva, dada. Silva ya sufuria."

Silva! Kwetu West Nile neno ni hilo hilo moja. Fedha ya mapambo, silva. Sufuria ya kupikia mboga, ile ya alumini, nayo silva. Medina akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alikuwa na miaka saba walipokimbia vita kwenda Congo, mwaka wa themanini. Alikumbuka majira yale ya mvua ambapo mkono wa mama ulikuwa mtupu, na chunguni kukawa na ugali wa muhogo. Baadaye bangili ikarudi. "Mama, iko ile ile?" aliuliza. "Hii ni silva, mwanangu," akajibu Fatumah, wala hakusema uongo.

"Na hii nyingine umeitoa wapi?"

"Iko mahari yangu. Nilibaki nayo hiyo tu. Sikutaka Shamirah aende kwa watu mikono mitupu, wala sikutaka wewe ujue."

Aibu ilimshika Medina mpaka masikio yakawaka. "Zuhurah, nisamehe."

"Wewe nimekusikia. Lakini walioniita mwizi hawako hapa. Wako Koboko."

Alasiri hiyo hiyo Medina aliingia nyumbani kwake na kukuta ukumbi umejaa wanawake, Shamirah anapakwa hina, na shangazi wa Hamdani amekaa katikati kama mwenye nyumba.

"Eh, Mama Shamirah! Mwizi amekiri?"

Angejibu "ndiyo" moja tu, na jina la Fatumah lingebaki linang'aa mbele ya wakwe. Zuhurah alikuwa mbali, wala hakuwa na mtu wa kumtetea. Medina akaliona hilo waziwazi.

"Hakuiba," alisema. "Mama yangu aliuza bangili yake Congo tusife njaa, akavaa sufuria mpaka akafa. Hii atakayovaa Shamirah ni fedha ya Zuhurah, mahari yake mwenyewe. Mwongo ni mimi."

Shangazi wa Hamdani akaangua kicheko. Medina akamwacha acheke mpaka amalize, kisha akarudia maneno yote upya, kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu wale waliokuwa jikoni hawakusikia.