Sauti ya Langoni

Kwa jina la Mola aliyewapa waja wake ndimi, kisha akaziwekea siku ya kuulizwa, ninaanza. Na rehema zimshukie Mtume wake pamoja na waliomfuata kwa wema.

Wahusika ni wanne, na wa kwanza hayupo tena duniani. Ni mwigizaji ambaye mabango yalimwita Malkia. Wa pili ni Kinanda, mwanamke aliyemwazima sauti. Malkia aliugua koo utotoni, akabaki na sauti ya kukwaruza. Wenye studio wakawa wanampiga picha akitamka tu, kisha Kinanda huingia chumba cha kurekodia na kuyatia maneno midomoni mwake. Kwa miaka kumi na minane siri hiyo ilifungwa kwa mkataba. Wa tatu ni binti wa Malkia, aliyemwita Kinanda mama mdogo, na kulelewa naye kila mamaye alipolazwa kwa maradhi ya ulevi. Wa nne ni mwongozaji, mtu wa adabu zake, aliyekuwa akitengeneza filamu ya maisha ya marehemu.

Malkia hakuisha majonzi, wala hakuisha mzaha. Alipoachwa na mume wa kwanza alimwambia Kinanda, "Shoga, yule bwana alikuposa wewe, akaletewa mimi. Simlaumu."

Kisha mtoto wa mfuaji nguo wa studio akafa kwa sumu ya maji ya mtaro uliotoka kiwanda cha betri. Malkia alikwenda kuhani, akarudi mtu mwingine. Akaacha kuigiza, akawa anasimama kwenye lango la kiwanda kila Jumatatu asubuhi akidai mtaro ule ufungwe. Siku ya kwanza alipofungua kinywa, watu walitazamana.

"Siye huyu. Malkia gani ana sauti ya chura?"

"Ndiye, ila kalewa. Mpelekeni akalale."

Magazeti nayo yakaandika hivyo hivyo. Alishika lango miaka mitatu, mpaka wazazi wa mtaa ule wakamwamini na kusimama naye. Ini likamuua mwaka mmoja kabla mtaro haujafungwa.

Sasa Kinanda, mwenye mvi lakini sauti yake ingali tamu, alikuwa ameketi mbele ya kinasa sauti. Kwenye kioo, mwigizaji aliyevalishwa kama Malkia alikuwa akitamka bila sauti, langoni. Binti alikuwa kando yake. Mkobani alikuwa na mkanda ambao mfuaji nguo aliunasa siku ile ya kwanza, kicheko cha watu kikiwemo.

"Mama, tuko tayari," alisema mwongozaji. "Ni sentensi saba tu."

Kinanda akavua vipokea sauti. "Tieni mkanda. Hiyo ndiyo sauti yake."

"Nimeusikiliza. Ukumbi mzima utacheka."

Binti akamshika mkono. "Mama mdogo, walimcheka akiwa hai. Mpe siku hii moja asichekwe. Sikuombi jingine."

Kinanda aliutazama mkono ule, ambao aliwahi kuukata kucha na kuufundisha kushika kalamu. Alijua neno moja lingetosha kumpoteza mwenye mkono ule. Lakini kunyamaza kulikuwa ni kumvua marehemu kitu pekee alichokipata bila kuazima.

"Mwanangu," alisema, "jioni ya siku ile aliyochekwa mama yako alikuja kwangu. Akaniomba Jumatatu ya pili nisimame naye, niwaambie watu kwamba sauti ya filamu ni yangu, na ile ya kukwaruza ndiyo yeye. Nikamwambia nina mkataba. Akaomba mara tatu. Mara ya tatu sikumfungulia mlango."

"Alikuwa mlangoni?"

"Alikuwa mlangoni. Nami nilikuwa nyuma ya mlango huo huo, ndani, nimesimama."

Binti akauondoa mkono wake taratibu.

"Miaka yote ile nilidhani alikuwa na wewe upande wake," alisema.

Binti akautoa mkanda mkobani, akamkabidhi mwongozaji. "Tumia huu. Usipunguze kicheko hata kidogo." Akatoka, wala hakuaga.

Filamu ilipoonyeshwa, ile sauti iliposikika wapo waliocheka, kisha wakaona wenzao hawacheki, wakanyamaza, na ukumbi ukamsikiliza Malkia mpaka neno lake la mwisho. Binti alikaa safu ya mbele na mfuaji nguo. Kinanda alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Taa zilipowashwa, binti aligeuka, akamwona, akainamisha kichwa kama mtu anavyomsalimu jirani, akapita.

Ewe Mola, mlaze marehemu mahali pema. Na hawa wawili waliobaki, kila mmoja nyumbani kwake, walainishie nyoyo ungali umewapa muda. Umpe mmoja nguvu ya kubisha hodi, na mwingine nguvu ya kufungua. Amina.