Betri Inayoishia Nyumbani

Mimi wananiita Mama Waya, na sina subira na mteja anayekuja na jibu mkononi. Kama umeshajua kwamba betri imekufa, mimi unanitakia nini? Nenda dukani ukanunue nyingine. Yule muuza nyanya wa kona alinunua kweli, na ile mpya ikamfia vilevile. Ndipo akaisukuma skuta mpaka kwangu asubuhi moja, gauni limemganda mgongoni kwa jasho.

"Dada, maji yamenifika shingoni," alisema. "Kila alfajiri nikibonyeza swichi, tik-tik-tik, basi. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikatika zamani. Kule jikoni hospitali nimechelewa mpaka msimamizi kaniambia nikichelewa tena nisirudi. Ukishindwa na wewe, naiuza. Mtu wa kuichukua ninaye."

Skuta ilikuwa ya mumewe. Mtaa mzima tunajua alivyoanguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakijenga, mwaka jana, akaacha mke na wazazi wazee wawili. Sasa huyu mke alfajiri anapika hospitali, mchana anarudi na skuta nyumbani, na alasiri mpaka giza yuko pale kona na meza yake ya nyanya. Mama mkwe yuko kitandani, kiharusi kilimpiga wiki ileile ya msiba. Baba mkwe ndiye anayemuuguza.

Betri ni kama mtungi wa maji. Ikikauka, ama haijazwi, ama inavuja, ama kuna anayekunywa. Nikaanza na kujazwa: nikaiwasha injini kwa betri yangu, nikashika mita, umeme ulikuwa unarudi kwenye betri kama inavyotakiwa. Koili inayozalisha umeme nzima, rektifaya inayoupitisha kwenda kwenye betri nzima. Nikaichaji betri yenyewe kutwa, nikaiacha dukani hadi kesho yake, haikupungua kitu. Nikazima ufunguo na kupima kama kuna waya unaokula umeme kwa siri. Hakuna. Kitu kibovu kilikuwa kimoja tu, honi, iliyokuwa ikikoroma kama mbuzi mwenye mafua.

"Hii nakubadilishia bure," nilimwambia alipokuja kuichukua. "Inanitia aibu mimi fundi."

"Honi iache," alisema, upesi mno. Nikamwachia. Kila mtu na masikio yake.

Haikupita wiki akarudi, anasukuma. Mteja akinirudia na ugonjwa uleule hasira hunipanda, na hunipanda zaidi nikijua kosa si langu.

"Inalala wapi hii?"

"Uani, chini ya dirisha la mama."

"Ufunguo?"

"Msumarini, nyuma ya mlango. Lakini nani aiguse, dada? Baba hata baiskeli hajui."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea moyoni. Nikaichaji, nikamrudishia mchana, nikamwambia jioni nitapita kwao kuangalia mwenyewe.

Nilifunga duka jua likizama. Pale kona nilimpungia mkono, naye akanionyesha kwa kidevu nyumba yao, wateja wamemzonga. Geti lilikuwa wazi. Nilitaka kupiga hodi, lakini nikamwona mzee anatoka mlangoni na ufunguo mkononi, ananyata nyumbani kwake mwenyewe kama mwizi. Nikajibanza getini. Nikasema leo nimemkamata.

Akauchomeka ufunguo, akauzungusha. Taa ikawaka, ikapiga moja kwa moja kwenye pazia la dirisha. Kisha akabonyeza honi mara mbili, fupi fupi, na yule mbuzi akakoroma.

Ndani ikatoka sauti nzito, ya ulimi uliopooza upande. "Umerudi, mwanangu?"

Mzee akavuta pumzi. Akajibu kwa sauti ambayo si yake, sauti ya kijana, changamfu kidogo. "Nimerudi, mama."

"Pole na kazi."

"Nimeshapoa, mama. Wewe lala."

"Umekula?"

"Nimekula."

Mzee akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya skuta, taa inawaka, macho yake kwenye pazia. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuja na ukali wangu wote, sikujua niupeleke wapi.

"Shikamoo, baba," nilisema mwishowe, taratibu.

Alishtuka, akaukimbilia ufunguo. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Fundi wa skuta."

Akaketi tena. Hakujaribu kunidanganya. "Tulimwambia," alisema, kwa sauti yake sasa, ya kikongwe. "Siku ya kwanza tulimwambia, akalia siku nzima. Kesho yake akauliza, mbona mwanangu hajarudi? Kichwa hakishiki tena. Tukamwambia upya, akalia upya. Kesho yake tena. Mwanangu nilimzika mara moja kaburini, lakini humu ndani nimemzika kila siku. Nikashindwa. Jioni moja nikajaribu honi. Alilala usingizi ambao hajaupata tangu augue."

"Na taa?"

"Taa naiacha mpaka apitiwe na usingizi. Akiliona pazia lina mwanga anatulia. Mkwe wangu akikaribia kufunga meza yake, nazima."

"Baba, taa hiyo ndiyo inayomaliza betri. Safari yake ya kazini ni fupi, hairudishi kile unachokitumia hapa."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Lakini injini nimeizima! Nilidhani injini ikizimwa hakuna kinacholiwa." Akaishika ile taa kwa kiganja, ikamwangaza vidole. "Kumbe mimi ndiye ninayemchelewesha mtoto wa watu kazini. Ananilisha, ananifulia, na mimi ninamkatia riziki."

Akalia. Sijazoea kuona mwanamume mzima wa umri ule akilia. Nikamshika bega tu.

"Usimwambie," alisema. "Yeye bado anajikaza. Akijua kwamba kila siku namwigiza mumewe, nitakuwa nimemtonesha kidonda."

Nikarudi dukani mbio. Nilikuwa na betri kuukuu isiyoweza tena kuamsha injini, ila kwa honi na taa ndogo haina neno. Nikachukua na hiyo taa na honi mpya, nikarudi, nikaanza kuvifunga ukutani chini ya dirisha, nikampa mzee kitufe cha kubonyeza. Akabonyeza kidogo. Ikalia safi, kali, ya dukani.

Ndani: "Nani huyo?"

Tukatazamana. Hata mama aliyesahau kifo cha mwanawe hakuisahau honi yake. Basi nikafungua ile mbovu kwenye skuta, nikaifunga ukutani, na ile mpya nikaiweka kwenye skuta. Mzee akabonyeza mara mbili.

"Umerudi tena, mwanangu?"

"Nilitoka kidogo, mama. Lala."

"Mkwe wako akiuliza kuhusu waya huu," nilimnong'oneza mzee, "sema ni kengele ya wageni."

Kesho yake mchana yule muuza nyanya alikuja dukani akiendesha. Skuta iliwaka alfajiri kwa mguso mmoja. Nilitegemea shukrani. Hakushuka. Alibonyeza honi, ile safi, akaniangalia.

"Nilikwambia honi iache."

Nikainama, nikajifanya natafuta spana.

"Iko ukutani, sivyo?" alisema. "Dada, mimi nauza nyanya pale kona. Honi ya mume wangu nitaikosaje?"

"Ulijua."

"Ya taa sikujua mpaka nilipoiona ile ndogo ukutani. Honi nilijua tangu jioni ya kwanza." Akazima injini. "Ukweli si kazi tu iliyonifanya nitake kuiuza. Nilitaka isilie tena, ingawa ulipotaka kuibadilisha nilishindwa kuiachia. Kila jioni ikilia, nasimama. Ni mazoea ya miaka ile yote, dada. Ikilia mara mbili ina maana amefika nyumbani, nikusanye vitu niende. Nasimama, nakung'uta gauni, mteja ananiuliza unakwenda wapi. Ndipo nakumbuka sina pa kwenda."

Nilikuwa nimeiokoa kazi yake, na kile alichotaka kiondoke nyumbani kwao nimekikaza ukutani kwa skrubu nne.

"Niitoe?" nilimuuliza. "Leo hii naitoa. Mzee tutamtafutia namna nyingine."

Alifikiri, kidole kikichezea kile kitufe cha honi mpya bila kukibonyeza.

"Mama akiuliza mbona hajarudi, nani atamjibu? Mimi siwezi. Iache."

Akawasha, ikaitika papo hapo, akaondoka.

Betri haijamsumbua tena tangu siku ile, na ile kuukuu ya ukutani naichukua mwenyewe kuichaji kila wiki. Kazi yake ipo, na yule aliyetaka skuta amenunua nyingine. Ila jioni nikifunga duka na kupita pale kona, honi inakoroma mara mbili ndani ya mtaa, naye namwona anasimama, nyanya za mteja bado ziko mkononi, kisha anaketi.