Kamera Iliyozibwa Kioo

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Msitiri wa waja Wake, ambaye lau angeliyafunua yaliyomo majumbani na vifuani, tusingeliweza kutazamana usoni. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake, na jamaa zake, na sahaba zake. Ninayoyasimulia yalitokea Jidda. Wenyewe wameniruhusu kuyasimulia kwa sharti niyabadilishe majina, nami nimeyabadilisha. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Wa kutangulizwa ni Siraji Fatani, msomeshaji wa tajwidi, matamshi ya Kurani, katika msikiti wa mtaa wetu, mtu wa sauti ndogo. Mkewe ni Fauzia, aliyesifika kwa mkono wake wa kusuka asmini katika nywele za mabibi arusi. Binti yao ni Rabab, ambaye mwaka huo alitimiza miaka ishirini na mitatu. Mwalimu wa Rabab ni Bi Bahija, mpiga picha wa arusi za wanawake kwa miaka kumi na mmoja, ambaye macho yake yalianza kufifia akaiacha kazi. Na wa mwisho ni Salmini, Mhadhrami, muuza kamera kuukuu katika soko la vitu vilivyokwisha tumika, kusini mwa mji.

Arusi za wanawake wetu haziingii mwanamume. Simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kapuni na kapu likafungwa, maana ndani wanawake huvua mabaibui, wakafungua nywele, wakacheza kwa raha zao. Anayeingia na kamera ni mpiga picha peke yake, naye ni mwanamke. Bi Bahija ndiye aliyeianzisha ada iliyofuatwa na wenzake wote: picha zikisha kuchapwa na kukabidhiwa, huiweka kadi ya kamera juu ya meza mbele ya mama wa bibi arusi, akatoa mkasi wake, akaikata vipande vinne. Kwa mkasi huo watu walimwamini kuliko walivyoamini kufuli.

Sasa Rabab alikuwa amepata arusi yake ya kwanza. Mama wa bibi arusi alimkubali kwa dhamana ya Bi Bahija, na siku zilizobaki zilikuwa nne. Kilichokosekana ni kamera. Basi baba na binti wakaenda sokoni siku ya Jumapili baada ya sala ya alasiri.

Rabab hakuchagua kwa kupendezwa. Kamera kubwa ya kwanza aliyopewa na Salmini aliielekeza kwenye kanzu nyeupe ya babake, akapiga, akaikuza picha, akamwonyesha vidoa vitatu vyeusi begani. Siraji akapangusa bega. Rabab akamwambia kuwa kanzu ni safi, uchafu umo ndani ya kamera. Ya pili aliimulika kwa tochi ya simu, akaona ndani ya lenzi utando mfano wa buibui. Ni ukungu, na hewa yetu ya bahari huulea. Ya tatu ilikuwa safi, ila bei yake ilimfanya Siraji aanze kuzitazama kamera za meza ya jirani.

Ndipo Rabab akaiona ya nne. Ilikuwa ndogo, nyeusi, imewekwa nyuma ya mizani mbovu kana kwamba haiuzwi. Ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani na maandishi yake yote yalikuwa ya huko, lakini Rabab aliwahi kujifunzia kamera ya namna ile kwa Bi Bahija na alama zake alizijua. Lenzi ilikuwa safi kama maji. Kasoro yake ilikuwa moja: kioo cha nyuma, kile cha kutazamia picha, kilikuwa kimezibwa kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, tabaka tatu.

Salmini alisema kwamba kioo kimechubuka. Kisha akauliza jambo lililomkera Siraji: nani atakayeitumia, mzee au binti? Na binti ataitumia wapi?

Muuza saa wa meza ya pili alicheka. "Usimshangae, ami. Huyu hauzi kamera, anaoza binti. Tangu juzi anawahoji wachumba. Kijana wa watu kaja na pesa mkononi, kamfukuza."

"Wewe tazama saa zako," Salmini akamjibu. "Zote kumi na mbili zinasema nyakati mbalimbali."

Siraji akajibu kwa ufupi kwamba ni ya binti, ya kazi, arusi za wanawake. Uso wa Salmini ukalegea. Akataja bei ndogo. Siraji, kwa mazoea tu, akabishania riyali ishirini, naye Salmini akazing'ang'ania riyali zake ishirini mpaka akashinda. Siraji alikuwa ameshalipa, Rabab alipoingiza ukucha chini ya utepe ili aone mchubuko wenyewe ni wa kiasi gani.

"Usiubandue hapa, binti," Salmini akasema, mkono ameunyosha. "Kaubandue nyumbani."

Mwenye bidhaa akikuzuia kuikagua, utaikagua zaidi. Rabab akaubandua wote mara moja. Kioo kilikuwa kizima, hakina hata alama ya ukucha. Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha kutazamia picha, ingawa kadi haikuwamo na mlango wake ulikuwa wazi mbele ya macho yao.

Picha ikatokea.

Siraji, aliyekuwa ameinama begani kwa binti yake, alimwona mwanamke ameketi, kichwa wazi, nywele zimemwagika mpaka kiunoni, mikono imetiwa hina, anasuka asmini katika nywele za bibi arusi. Alihitaji kitambo cha kuvuta pumzi moja ili aelewe kwamba anamtazama mkewe. Fauzia, katikati ya soko, juu ya meza ya mitumba, baina ya mizani mbovu na nyaya za redio, na wanaume wanapita.

Rabab aliigeuza kamera akaibana kifuani kwa mikono miwili. Siraji alitaka kusema akaona ulimi wake umekuwa mzito. Mtu aliyeufundisha mtaa mzima matamshi ya herufi hakuweza kulitamka jina la binti yake. Alimtazama Salmini, na Salmini alikuwa ametazama chini. Siraji akaifasiri hali ile kuwa ni hatia.

Nyumbani Rabab alijifungia peke yake. Alipotoka alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. Kamera ile ina kumbukumbu yake ndogo tumboni, mbali na kadi. Ukipiga picha huku umesahau kutia kadi, haikatai. Hupiga, ikazihifadhi ndani. Humo mlikuwa na picha ishirini na sita za arusi nne. Na arusi zote nne mpiga picha alikuwa Bi Bahija.

Fauzia akauliza swali moja tu: nani ameziona? Rabab akasema hataipiga picha arusi ile, wala nyingine. Mamake akamwambia asiamue jambo kabla ya kwenda kwa mwalimu wake.

Wakaenda wote watatu asubuhi ya Jumatatu. Bi Bahija aliwapokea kwa kahawa ya iliki na tende, akawatania kwamba mwanafunzi amekuja kuonyesha mashine yake mpya. Rabab akaiweka mkononi mwake. Bi Bahija hakuhitaji macho. Kidole chake kilipapasa pembe ya chini, kikaupata mkwaruzo mdogo, kikatulia pale.

"Hii ni yangu," akasema. "Ilikuwa ya akiba, ya kupigia chumbani kwa bibi arusi. Nilipohama nyumba nilidhani imepotea."

Rabab akamweleza habari ya tumbo la kamera. Alieleza pole pole, kama ambavyo mwalimu wake alikuwa akimweleza yeye. Kikombe kilianguka mkekani, na kahawa ikaenea bila ya mtu kuinuka kuifuta.

"Miaka kumi na mmoja nimekata kadi mbele ya mama zao," Bi Bahija akasema. "Wakinibusu mkono. Kumbe nilikuwa nakata ganda."

Akauliza ni arusi zipi. Alipotajiwa, akazihesabu kwa majina ya mama wa mabibi arusi, kisha akamgeukia Fauzia aliyeketi mbele yake, ambaye naye yumo pichani. Fauzia akamshika mkono. Bi Bahija akasema kwamba atakwenda nyumba zote nne kuomba radhi kwa mdomo wake, lakini hawezi kwenda bila ya jibu la swali watakalomuuliza. Ni swali lile lile la Fauzia.

Basi Siraji akarudi sokoni peke yake alasiri hiyo, na hasira aliyolala nayo usiku kucha. Alimkuta Salmini akifunika meza kwa turubai kwa ajili ya sala.

"Nakuuliza kwa haki ya Mola wako, Salmini. Uliona nini?"

Salmini hakujifanya haelewi. "Moja, ami. Ilinijia ndani ya sanduku la vyombo vya watu waliohama, imekufa, mlango wa betri umeota kutu. Nikaitia betri, nikaijaribu, ikatokea mama mmoja anasuka maua. Nikailaza kifudifudi, nikaenda kuomba utepe kwa fundi."

"Na waliokuwa nayo kabla yako?"

"Siwezi kuwaapia wengine. Kutu ile ni ya miaka. Zaidi ya hapo Mungu ndiye anayejua."

"Kwa nini hukuzifuta?"

"Kufuta lazima utazame unachokifuta. Na kuivunja nisingeweza, hiyo ni arusi ya mtu. Nikasema nitangoja mwanamke, yeye atajua la kufanya."

Siraji alisimama pale, na ghadhabu yote aliyokuja nayo haikuwa na mahali pa kutua. Mtu huyu alimtazama mkewe, na mtu huyu huyu alimsitiri, wala hakujua kwamba anayeongea naye ni mumewe. Kumwambia hakuweza. Alichoweza kuuliza ni kama anaikumbuka sura ya yule mama.

"Namwomba Mungu anisahaulishe," Salmini akasema. "Zimebaki asmini tu."

Siraji akasema, "Na bado ukaning'ang'ania riyali ishirini."

"Ami, kusitiri ni bure. Kamera ni biashara."

Siraji aliyapeleka maneno hayo nyumbani kama alivyoyapokea. Fauzia alijifunika uso kwa mtandio akakaa hivyo, na hakuna aliyejua kama analia. Alipoufunua alikwenda jikoni, akapika saliki, ule wali wetu wa maziwa, na kuku juu yake, akamwambia mumewe aipeleke sinia kwa muuza kamera, wala asiseme imetoka kwa nani.

Bi Bahija alizizunguka nyumba nne kwa siku mbili, Rabab amemshika mkono, na picha za kila nyumba zimechapwa, zimo ndani ya bahasha yake. Nyumba ya kwanza na ya pili walilia pamoja. Ya tatu walimsamehe kabla hajamaliza. Ya nne waliipokea bahasha mlangoni, wakaufunga mlango, na hawakumwamkia tena. Kisha Rabab akalifuta tumbo la kamera, picha moja moja, mbele ya mwalimu wake.

Siku ya Alhamisi arusi ikafanyika, na mpiga picha alikuwa Rabab. Wiki iliyofuata alizikabidhi picha, akaikata kadi kwa mkasi wa Bi Bahija vipande vinne, na mama wa bibi arusi akainuka kumbusu. Rabab akamwomba aketi tena kidogo. Akaichukua kamera isiyo na kadi, akamweleza habari ya tumbo lake, akaiwasha, akambonyezesha kile kitufe kwa kidole chake mwenyewe. Kioo kikaja cheupe, kitupu. Yule mama alikitazama, akamtazama Rabab, rangi ikamtoka usoni. Kwa mara ya kwanza alikuwa akiwaza arusi zote alizokwisha kuhudhuria.

Ewe Mola, Bi Bahija umekwisha kumchukua, mpe nuru badala ya macho yaliyomfifia. Na hawa waliobakia, Siraji na Fauzia na Rabab, na Salmini popote alipo na meza yake, na nyumba ile ya nne iliyofunga mlango, wasitiri duniani na akhera, na utusitiri nasi pamoja nao. Amin.