Baada ya Sura ya Saba

Mwalimu wa fasihi aliwapa wanafunzi wake riwaya ya kijana aliyefiwa na dada yake. Kwanza alisita, kwa sababu darasani alikuwamo msichana waliyemwita Twiga, kwa urefu wake, ambaye kaka yake alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua muda mrefu. Alimwita pembeni akamuuliza kama ataweza. Twiga akapandisha mabega.

"Ni kitabu tu, mwalimu."

Sura za mwanzo zilikwenda vizuri. Wote walimpenda yule dada wa kitabuni, mbishi na mchokozi, hivyo alipokufa katika sura ya saba darasa lilichafuka. Mmoja alisema mwandishi hana utu. Mwingine alikuja na macho mekundu akasingizia mafua. Kijana aliyeitwa Redio, kwa kuwa hazimiki, alitangaza kwamba amekirusha kitabu uvunguni na hakitoi ng'o.

"Na wewe, Twiga?" mtu aliuliza, kisha akatamani ardhi immeze.

Twiga alikuwa ameshakifunga chake. "Mwandishi anadanganya. Familia nzima wanakumbatiana, wanaambiana maneno matamu. Kwetu hakuna aliyemkumbatia mtu. Mama alirudi kwenye cherehani kesho yake tu baada ya mazishi. Na mimi nilisikia njaa. Kaka yangu yuko kaburini, mimi naongeza sahani ya pili."

Feni ilisikika ikikwaruza juu yao. Mwalimu alifungua mdomo, lakini Redio akamtangulia.

"Babu yangu alipofariki," alisema, sauti yake ndogo kuliko kawaida, "kitu cha kwanza nilichowaza ni nani atachukua simu yake."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Twiga alimkodolea Redio macho, kisha naye akacheka, cheko lililomshtua mwenyewe, na darasa zima likamfuata. Hapo ndimi zikafunguka. Msichana wa dawati la mbele alisema yeye hakumlilia baba yake mpaka siku alipomwona mtu sokoni amevaa shati kama lake, akalia mbele ya muuza vitunguu.

"Sasa mbona mambo kama hayo hayamo kitabuni?" Redio aliuliza.

"Umejuaje?" alisema mwalimu. "Si kiko uvunguni?"

Jioni ile Twiga alikaa sakafuni na kitabu chake, mama akishona sare za shule.

"Unasoma nini, mbona umenuna?"

"Riwaya. Kuna mtu amekufa."

Mguu wa mama uliendelea kukanyaga. "Soma kwa sauti, nisikie."

Twiga akasoma. Alipofika mahali mama wa kitabuni anamkumbatia mwanawe na kumpa faraja ndefu, mama yake akasonya.

"Huyo ana nguvu za kuongea! Kazitoa wapi?"

"Mama," Twiga alisema bila kuinua kichwa, "kwa nini ulirudi kazini upesi vile?"

Cherehani ikanyamaza.

"Miguu ilikuwa inatetemeka, mwanangu. Ilikataa kutulia. Nikikaa hapa nikakanyaga, hakuna aliyejua. Sikuwa nashona kitu. Hata uzi sikutia."

"Nilidhani umeshamsahau. Na mimi nilikula kama mtu asiye na moyo."

"Nilikuona," mama alisema. "Nikashukuru. Nilijiambia, huyu anakula, huyu atabaki."

Twiga alisogea akalaza kichwa gotini kwa mama, kati ya vipande vya kitambaa. Walilia wote wawili, bila neno lolote tamu, mpaka mama akajifuta kwa mkono wa shati ambao haujaunganishwa.

"Haya, fungua. Sura ya nane inasemaje?"

Tangu hapo, Twiga akiingia darasani aliulizwa kwanza, "Mama yako amesemaje?" Na mama alikuwa na ya kusema: shangazi wa kitabuni ni mnafiki, yule kijana apewe kazi za nyumbani asibaki akitazama ukuta. Darasa lilibishana naye bila kumwona. Redio, ili asipitwe, alikitoa kitabu chake uvunguni kwa fagio.

Jioni waliyomaliza sura ya mwisho, mama alikaa kidogo, mikono mapajani.

"Mwandishi huyu hana kingine?"

"Nitamuuliza mwalimu."

"Kiwe cha kuchekesha basi."

"Mama!"

"Au chochote kile," alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Mradi unisomee wewe."